Wakili wa mtoto hulipwa na nani, na kwa kazi ipi?

Katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka, Mombasa, au ile ya Milimani, Nairobi, mtoto anayeshtakiwa anaweza kusimama mbele ya hakimu akiwa na mama yake, afisa wa watoto na askari aliyemleta, bila wakili. Atasomewa mashtaka, ataulizwa kama ameyaelewa, na kesi itapangiwa tarehe. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Kenya imeahidi watoto wakili kwa gharama ya serikali tangu 2001, lakini kumpa mtoto wakili ni jambo moja na kumlipa wakili huyo ni jambo lingine. Sheria imelishughulikia la kwanza kwa maneno mengi, na la pili ikaliacha lijitafutie njia.

Wengi wanaojadili suala hili huishia kwenye swali la kama fedha zipo. Mimi naona swali la namna ya kulipa lina uzito uleule. Wakili anayelipwa kwa kesi, anayelipwa kwa saa, anayepokea mshahara na anayejitolea bure watamshughulikia mtoto yuleyule kwa njia nne tofauti, hata kama wote wanne ni waadilifu.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Watoto ya 2001 kilisema kwamba mtoto akifikishwa mahakamani bila wakili, mahakama inaweza kuagiza apatiwe mmoja, na gharama zitoke katika fedha zilizoidhinishwa na Bunge. Katiba ya 2010 ikaja na Ibara ya 50(2)(h): mshtakiwa apewe wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, iwapo bila wakili haki itavurugika pakubwa, na aelezwe haki hiyo mapema. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria pamoja na Hazina ya kugharamia kazi hiyo. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001 na kupandisha umri wa kuweza kushtakiwa hadi miaka 12. Mwenye miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutenda jinai mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Kwenye karatasi, mtoto wa Kenya amezungukwa na ahadi kila upande.

Sasa soma kifungu cha 43 cha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kinaitaka mahakama imweleze mshtakiwa haki yake ya kuwa na wakili na, inapohitajika, iijulishe Huduma. Kuhusu mtoto, kinasema mahakama inaweza kuiagiza Huduma imtafutie wakili, yaani hiari imebaki kwa hakimu. Halafu kifungu kidogo cha sita kinafunga mlango kwa upole: licha ya yote yaliyotangulia, kukosa wakili hakutazuia kesi kuendelea. Walioandika sheria walijua kwamba mawakili wa kulipwa na serikali hawatatosha, na hawakutaka mahakama zisimame. Ni tahadhari inayoeleweka. Lakini maana yake ni kwamba Hazina isipopewa fedha, hakuna kesi inayokwama, na isipokwama kesi, hakuna waziri anayeulizwa.

Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake wa 2017 katika kesi maarufu kwa jina la Karisa Chengo, ilisema haki ya kupewa wakili na serikali si ya kila mshtakiwa bila masharti. Ikataja mambo ya kuangaliwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kujilipia, elimu yake, ugumu wa mashtaka, na kama mshtakiwa ni mtoto. Umri, basi, umo katika mizani, lakini ni mojawapo tu ya vitu vilivyomo.

Kivitendo, kosa lenyewe ndilo linaloamua mtoto atapita mlango upi. Akishtakiwa kwa mauaji, kesi inakwenda Mahakama Kuu, na huko kuna utaratibu wa zamani ambao mawakili wa Kenya huuita kesi za "pauper", yaani za mshtakiwa asiye na uwezo wa kujilipia wakili. Naibu msajili ana orodha ya mawakili waliokubali kazi hizo. Anamteua mmoja, faili inapelekwa kwake, na kesi ikiisha Idara ya Mahakama inamlipa kwa mkupuo. Akishtakiwa kwa wizi wa kimabavu, kunajisi (kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18, hata akiwa ameridhia), kuvunja nyumba au bangi, kesi hubaki kwa mahakimu, na huko utaratibu huo haujazoeleka. Anayesimama na mtoto, akipatikana, mara nyingi ni wakili wa kujitolea, wa shirika kama CLAN, The CRADLE au Kituo cha Sheria, au aliyeletwa na mradi wa wafadhili. Mradi wa PLEAD, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ulipeleka msaada wa kisheria katika kaunti kadhaa kwa njia hiyo.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya ajabu. Chukua mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa kunajisi, na mlalamishi ni msichana wa miaka 16 ambaye kila mtu mtaani alijua ni mpenzi wake. Kesi za namna hii si chache. Mwaka 2014 Mahakama Kuu mjini Eldoret iliulizwa kama ni haki mvulana peke yake ashtakiwe wakati wote wawili ni watoto, ikakataa kukifuta kifungu cha sheria kinachohusu kunajisi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 pale mlalamishi ana miaka 16 au 17. Mshtakiwa akithibitishwa kuwa mtoto, kifungo hicho kinaondoka na anaweza kupelekwa taasisi ya Borstal, yaani ya kurekebisha vijana waliopatikana na hatia, kama Shimo la Tewa au Shikusa, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Tofauti kati ya miaka 15 na mitatu imesimama juu ya karatasi moja tu, cheti cha kuzaliwa.

Na cheti hicho hakiletwi na mtu aliyesimama kizimbani. Kama hakipo, lazima mtu amsukume afisa wa upelelezi ampeleke mvulana hospitalini akapimwe umri, afuatilie ripoti, aangalie kama daktari ameandika "kati ya 17 na 19" na kulipinga hilo kwa kadi ya kliniki au rekodi za shule ya msingi. Lazima mtu aende mahabusu ya watoto, iwe Likoni au Kabete, aketi na mvulana mbali na masikio ya walinzi, na arudi tena, kwa sababu mtoto mwenye hofu hasemi chochote cha maana siku ya kwanza. Lazima azungumze na mama kuhusu bondi, na amtafute mjomba mwenye hati ya kiwanja au logbuku ya pikipiki. Lazima aisome ripoti ya afisa wa watoto kabla haijafika kwa hakimu, maana ripoti ile ikisema "familia imeshindwa kumdhibiti", hilo litamfuata hadi mwisho wa kesi. Na kama kosa ni dogo, tuseme kuiba simu, wakili makini atakuwa ameshaongea na mwendesha mashtaka kuhusu kuiondoa kesi kwenye mkondo wa mahakama, jambo ambalo Sheria ya 2022 inaliruhusu mtoto akikubali kosa kwa hiari yake. Ili mtoto akubali kwa hiari, mtu lazima kwanza amweleze anachokubali.

Katika kazi yote hiyo, sehemu inayofanyika mbele ya hakimu ni dakika chache za kutajwa kwa kesi.

Malipo ya mkupuo hayaioni kazi hii. Wakili aliyepewa ada moja kwa kesi nzima anapata kiasi kilekile mtoto akikiri kosa wiki ya kwanza au kesi ikisikizwa kwa miaka miwili na mashahidi saba. Sitaki kusema mawakili hawa wanawashauri watoto wakiri ili wamalize haraka. Nasema mfumo unamtoza faini kila anayekwenda Likoni mara ya pili. Nauli ni yake, feri ni yake, na nusu siku aliyopoteza angeitumia kwa mteja anayelipa. Wakili kijana mwenye ofisi ya kupanga pale mjini anaweza kufanya hivyo kwa moyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu ataomba jina lake litolewe kwenye orodha, na nafasi yake itachukuliwa na aliyemaliza shule ya sheria juzi. Kesi ngumu zaidi zinaishia mikononi mwa wenye uzoefu mdogo zaidi, na hakuna mtu aliyeketi akapanga iwe hivyo.

Marekani wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu, nao walianza na kesi ya mtoto. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kesi ya Gault: mvulana wa miaka 15 wa Arizona, aliyedaiwa kumpigia jirani simu ya matusi, alikuwa amepelekwa shule ya kurekebisha tabia mpaka afikishe miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au afungwe miezi miwili kwa wingi. Mahakama ikasema mtoto anayeweza kunyimwa uhuru wake ana haki ya wakili, na kama familia haina uwezo, ateuliwe mmoja. Ilinyamaza kuhusu kiasi cha malipo, na majimbo na kaunti zikajipangia zenyewe.

New York wao walichagua saa. Kuanzia 1986 wakili wa kuteuliwa alilipwa dola 40 kwa saa akiwa mahakamani, na dola 25 kwa saa akiwa nje. Tazama vizuri mgawanyo huo. Kusimama mbele ya jaji kulikuwa na thamani kubwa kuliko kumtembelea mtoto, kutafuta shahidi au kusoma faili. Serikali ilikuwa imeandika bei ya maandalizi, na bei hiyo ilisema kwamba maandalizi ni kazi ya daraja la pili. Viwango hivyo vilikaa bila kuguswa kwa miaka 17 huku kodi ya ofisi ikipanda kila mwaka. Mawakili wakajiondoa mmoja baada ya mwingine, na katika Mahakama ya Familia wazazi na watoto wakawa wanapangiwa tarehe mpya kwa kukosa wa kuwasimamia. Chama cha mawakili cha kaunti kikaishtaki serikali ya jimbo. Mwaka 2003 jaji akaona kwamba viwango vile vinawahatarisha watoto na watu maskini, akaagiza dola 90 kwa saa. Bunge la jimbo likaingilia na kuweka dola 75 kuanzia 2004 kwa kesi za familia na za makosa makubwa, safari hii bila kutofautisha ndani na nje ya mahakama. Kisha kosa lilelile likarudiwa: dola 75 ikakaa hadi 2023, ndipo ikawa dola 158. Kiwango kinachoandikwa kwenye sheria bila kufungwa na kupanda kwa gharama za maisha huoza polepole, na kila baada ya miongo miwili mtu lazima aende mahakamani kulalamikia harufu.

Kuna wanaosema dawa ni kuajiri: ondoa ada, weka mawakili wa mshahara. Kaunti za Fulton na DeKalb, zinazobeba jiji la Atlanta, zilikuwa na mawakili wa namna hiyo kwa watoto waliotengwa na wazazi wao kwa sababu ya kuteswa au kutelekezwa. Kesi ilipofika mbele ya jaji wa shirikisho mwaka 2005, hesabu ilikuwa hivi: Fulton ilikuwa na mawakili wanne kwa watoto 1,757, takriban 439 kwa kila wakili. DeKalb ilikuwa na watano kwa watoto 914. Kiwango kilichopendekezwa na chama cha kitaifa cha mawakili wa watoto kilikuwa 100. Wakili mwenye watoto 439 hawezi hata kuwajua kwa sura, sembuse kujua nani kati yao anapigwa katika nyumba mpya aliyopelekwa. Jaji alisema watoto hao wana haki ya wakili anayefanya kazi kweli, na kaunti zikakubali kupunguza mzigo. (Mawakili waliofungua kesi ile nao waligombania malipo yao wenyewe mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010. Suala la ada halimwachi mtu.) Kwa hiyo mshahara hautoshi peke yake. Bila kikomo cha idadi ya watoto kwa kila wakili, unageuka kuwa malipo ya mkupuo yaliyovaa tai.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Shirika la umma la msaada wa kisheria lina ofisi zake nchini kote zenye mawakili walioajiriwa, na kazi zinazozidi hupewa mawakili binafsi kwa malipo. Lililo muhimu ni Sheria ya Haki ya Watoto, namba 75 ya 2008: mtoto anayeshtakiwa haruhusiwi kukataa wakili. Akisema hamtaki, mahakama inaandika hivyo, na wakili anateuliwa kuisaidia mahakama. Sharti hilo linaibana hazina ya serikali, kwa kuwa wakili asipopatikana kesi haiwezi kusonga, na gharama yake lazima iingie kwenye bajeti. Linganisha na kifungu chetu cha 43. Tanzania nayo ilifuta sheria yake ya 1969 ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai na kuweka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayotegemea kwa kiasi kikubwa mashirika na wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Hiyo ni njia nzuri ya kufikisha ushauri kijijini, ila msaidizi wa kisheria hawezi kusimama na kumhoji shahidi.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana, kwa sababu linawagusa waheshimiwa. Ni nani anayeidhinisha malipo? Katika kesi za "pauper" anayemteua wakili na anayepitisha malipo yake wote wako chini ya Idara ya Mahakama. New York vilevile, jaji hupitisha hati ya madai ya saa. Wakili anayeleta maombi mengi, anayepinga ripoti ya umri, anayeomba kesi isikizwe upya, anamchosha mtu yuleyule atakayetia sahihi. Pengine hakuna jaji aliyewahi kumkata wakili fedha kwa sababu hiyo. Lakini wakili ana familia, naye anajua kesi ijayo itagawiwa kutoka dawati gani. Kuhamishia malipo yote kwenye Huduma ya Kitaifa kungeondoa sehemu ya mgongano huo, ingawa Huduma yenyewe iko upande wa Mwanasheria Mkuu, mshauri wa serikali. Ningependa bodi yake iwe na meno zaidi kabla ya kukabidhiwa mkoba wote.

Na tusisahau watoto ambao hawajashtakiwa kwa lolote. Mahakama ya Watoto husikiza pia kesi za malezi, matunzo na ulinzi: wazazi wanaogombania mtoto, au mtoto aliyeokotwa barabarani. Hapo baba ana wakili wake, mama ana wake, na mtoto, ambaye ndiye anayeamuliwa ataishi wapi, ana ripoti ya afisa wa watoto. Sheria inamruhusu hakimu amteulie mtoto mtu wa kumsimamia katika shauri, lakini fedha zinapokuwa haba macho yote huelekea jinai, kwa kuwa jinai ina kifungo. Katiba ya Afrika Kusini inampa mtoto wakili wa serikali hata katika mashauri ya madai yanayomhusu, iwapo bila wakili haki itavurugika pakubwa. Sisi hatujafika huko.

Mzazi au mlezi anayemsindikiza mtoto Tononoka au Milimani kesho asubuhi hawezi kuisubiri Hazina ijae. Anachoweza kufanya ni hiki. Kabla mtoto hajajibu mashtaka, aombe ruhusa ya kuzungumza na amwambie hakimu kwamba hawana uwezo wa kumlipa wakili, na kwamba wanaomba mahakama iiagize Huduma ya Msaada wa Kisheria imteulie mmoja. Aombe maneno hayo yaandikwe kwenye faili. Wakili akipatikana kwa njia hiyo, familia haipaswi kuombwa hata shilingi ya "kufungua faili". Akiombwa, amwone naibu msajili au mkuu wa kituo cha mahakama. Na kama hakimu atasema kesi iendelee bila wakili, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa rufaa ikifika Mahakama Kuu, jaji ataangalia kwanza kama rekodi inaonyesha mtoto alielezwa haki yake.